Kyoto kwa Miguu: Mwongozaji Binafsi, wa Kujitolea, Kikundi au Ramani Yako Mwenyewe?

Mgeni anayefika Kyoto kwa mara ya kwanza hukuta mji unaotembeleka kwa urahisi lakini usioeleweka kwa urahisi, na uamuzi wa kumlipa au kutomlipa mwongoza watalii binafsi unapaswa kuanzia hapo. Barabara zake zilipangwa mwaka 794 kwa mistari iliyonyooka, kwa kufuata mfano wa Chang'an, mji mkuu wa China wa wakati huo, kwa hiyo hata asiyesoma Kijapani hapotei kirahisi. Vituo vya treni na mabasi vina maandishi ya Kiingereza, na mtu anaweza kutembea usiku bila hofu. Lakini mji huu, uliokuwa makao ya mfalme hadi mwaka 1869 alipohamia Tokyo, uliteketea katika vita vya Onin kati ya 1467 na 1477, ukaungua tena mwaka 1788 na mwaka 1864, na kila mara ukajengwa upya. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya historia yake haimo katika majengo yanayopigwa picha, bali imo katika majina ya mitaa, katika mawe madogo ya kumbukumbu yaliyoandikwa Kijapani kando ya maduka, na katika desturi za watu wanaoishi humo mpaka leo.

Njia za kuuzunguka kwa miguu ni nne: kumkodi mwongozaji binafsi anayelipwa kwa saa, kumwomba mwongozaji wa kujitolea, kujiunga na kikundi kinachoondoka kwa saa maalumu, au kwenda mwenyewe ukiwa na ramani ya simu. Nitazilinganisha kwa yale yanayomgusa msafiri hasa, lakini msimamo wangu niuweke wazi tangu mwanzo. Naamini mwongozaji binafsi anastahili fedha zake kwa nusu siku moja, mapema katika safari, ndani ya mitaa ya zamani ambako mambo muhimu hayaonekani kwa macho. Kumlipa kwa siku nzima ili akupeleke kwenye mahekalu maarufu ya Kinkaku-ji na Fushimi Inari ni kulipia kitu ambacho basi la yen 230 na safari ya treni ya vituo viwili vinakupa bila taabu.

Fedha

Mwongozaji binafsi wa Kyoto kwa kawaida hutoza kwa kundi wala si kwa kichwa. Ziara ya saa nne mara nyingi huangukia kati ya yen 20,000 na 35,000, na ya siku nzima inaweza kupita yen 50,000. Tuchukue mfano wa yen 30,000 kwa nusu siku, ambazo ni kama dola 200 za Marekani pale dola moja inapokuwa karibu na yen 150. Msafiri aliye peke yake atazibeba zote. Mume na mke watagawana yen 15,000 kila mmoja. Familia au marafiki wanne watalipa yen 7,500 kwa kila mtu. Tofauti hiyo peke yake hubadilisha jibu. Watu wanne wanapata huduma ya mtu anayewajali wao tu kwa gharama isiyotofautiana sana na ya ziara nzuri ya kikundi, ilhali msafiri wa peke yake analipa kiasi ambacho kingemlipia usiku mmoja au miwili katika hoteli ya kawaida. Juu ya ada hiyo huongezwa viingilio na nauli, na waongozaji wengi hutarajia mteja awalipie na wao pia, jambo linalofaa kuulizwa kabla.

Mwongozaji wa kujitolea hatozi ada. Japani ina mtandao wa vyama vya watu hao unaojulikana kama SGG, nacho chama cha Kyoto ni mojawapo. Wengi wao ni wastaafu, wanafunzi na kina mama wa nyumbani wanaopenda kuzungumza lugha ya kigeni na kuuonyesha mji wao. Mgeni hulipia nauli ya mwongozaji, kiingilio chake na chakula cha mchana wakiwa pamoja. Ombi hutumwa mapema, wiki kadhaa kabla, na hakuna ahadi kwamba atapatikana, hasa wakati wa maua ya micheri mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili au wakati wa majani mekundu katika Novemba.

Ziara za kikundi ni za aina mbili: zile za bei maalumu kwa kila mtu, na zile zinazoitwa za bure ambazo mwishoni washiriki humpa mwongozaji walichonacho. Hizi za pili zina jambo moja la kuangaliwa. Kutoa bakshishi si desturi ya Wajapani, na mhudumu wa mgahawa anaweza kukufuata mlangoni akurudishie chenji uliyoiacha mezani. Lakini katika ziara hizo bakshishi ndiyo ujira wenyewe, na kuondoka bila kutoa kitu ni kumdhulumu mtu aliyekutembeza kwa saa mbili au tatu.

Anayekwenda mwenyewe hutumia kidogo sana. Fushimi Inari haina kiingilio. Kiyomizu-dera hutoza yen 500, Kinkaku-ji vilevile. Hekalu la Higashi Hongan-ji, umbali wa dakika kama kumi kwa miguu kutoka kituo kikuu cha treni, ni bure, na ndani yake imehifadhiwa kamba nene iliyosukwa kwa nywele za wanawake waumini, iliyotumika kuinulia magogo wakati hekalu lilipojengwa upya na kukamilika mwaka 1895. Tikiti ya siku moja inayojumuisha basi na treni ya chini ya ardhi ni yen 1,100. Ile tikiti ya basi peke yake ambayo maelezo mengi ya zamani bado yanaipendekeza haiuzwi tena tangu 2023.

Kinachoonekana na kinachoelezwa

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa, na hapa ndipo ninapomtaka msomaji atulie kabla ya kuangalia bei. Anayeufahamu Mji Mkongwe wa Zanzibar ataelewa mara moja: mgeni anayepita vichochoro vyake peke yake huona milango mizuri ya mbao, lakini yule aliye na mwenyeji huonyeshwa minyororo na mayungiyungi yaliyochongwa, akaelezwa mwenye nyumba alikuwa nani na alitaka wapita njia wajue nini. Nyumba za wafanyabiashara wa Kyoto, ziitwazo machiya, zina lugha ya namna hiyo hiyo. Uso wake ni mwembamba na kina chake ni kirefu sana, kiasi kwamba wenyeji wenyewe huiita nyumba hiyo kitanda cha mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Dirisha la ghorofani ni fupi na lina vijiti vya udongo. Chini ya ukuta kuna uzio wa mianzi uliopinda, unaozuia matope ya barabara na mkojo wa mbwa visiufikie ukuta. Juu ya paa dogo la mbele, ukiinua macho, utaona kisanamu cha mtu mwenye ndevu na upanga: huyo ni Shoki, mfukuza pepo, na wenyeji husimulia kwamba alianza kuwekwa baada ya mke wa jirani mmoja kuugua kwa sababu ya kigae chenye uso wa zimwi kilichokuwa kikimtazama kutoka paa la duka la dawa ng'ambo ya barabara. Nimewaona wageni wakipita chini ya visanamu kumi wakiangalia simu zao.

Orodha hiyo inaendelea. Jiwe dogo lililofungwa kwa kamba nyeusi na kuwekwa katikati ya njia ya bustani maana yake ni kwamba usipite hapo. Kijumba kidogo chenye sanamu ya Jizo, mlinzi wa watoto, kwenye pembe ya mtaa hutunzwa kwa zamu na majirani, ambao kila Agosti hukusanya watoto wa mtaa kwa sherehe mbele yake. Katika barabara ya Kawaramachi, penye maduka na umati wa wanunuzi, lipo jiwe linaloonyesha mahali alipouawa Sakamoto Ryoma mwaka 1867, mmoja wa waliochangia zaidi kuuangusha utawala wa ukoo wa Tokugawa. Programu ya kutafsiri kwa kamera ya simu, ambayo siku hizi huweza kukutolea Kiswahili, husaidia sana kwenye orodha ya vyakula na mabango ya kisasa, lakini hushindwa mara nyingi mbele ya maandishi ya mkono yaliyochongwa juu ya jiwe, na hata inapoyasoma haikuambii kwa nini jina hilo lina uzito.

Yapo pia mambo yasiyopendeza ambayo mwongozaji mwaminifu huyaeleza na kitabu cha matangazo huyaacha. Wageni wengi huingia Sanjusangen-do kuona sanamu 1,001 za Kannon, mwenye huruma katika imani ya Kibudha, ndani ya ukumbi wa mbao wenye urefu wa mita 120 hivi. Wachache hutembea dakika chache zaidi hadi Mimizuka, kilima cha nyasi chenye mnara wa mawe juu yake, ambamo zimezikwa pua za maelfu ya watu, wengi wao Wakorea, zilizokatwa na askari wa Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wa wakati huo, katika uvamizi wa Korea wa 1592 hadi 1598 na kusafirishwa hadi Japani ziwe ushahidi wa idadi ya waliouawa. Ukimwomba mwongozaji binafsi akupeleke hapo, atakupeleka. Kikundi hakipiti. Kwa msafiri anayetaka kuujua mji kama ulivyo, uwezo huu wa kuchagua la kuulizia ndio thamani kubwa kuliko zote ya kuwa na mtu wako mwenyewe, na mimi nauweka juu ya starehe, juu ya kuokoa muda na juu ya picha nzuri.

Mwongozaji wa kujitolea anaweza kukupa mambo hayo, na wakati mwingine kwa upendo unaozidi wa mtaalamu, kwa kuwa anaongea juu ya mtaa aliozaliwa. Udhaifu wake ni kwamba ujuzi na ufasaha hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na huwezi kumbana kwa maswali magumu kama unavyombana uliyemlipa. Mwanafunzi wa chuo kikuu atakueleza vizuri maisha ya kijana wa Kyoto leo. Huenda asijue la kusema juu ya tofauti za madhehebu ya Kibudha.

Lugha

Japani huwapa waongoza watalii leseni ya taifa baada ya mtihani, kwa sheria iliyoanza mwaka 1949. Lugha zinazotahiniwa ni kumi: Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kichina, Kiitaliano, Kireno, Kirusi, Kikorea na Kithai. Kiswahili hakimo, wala Kiarabu. Msafiri wa Kenya au Tanzania basi atategemea Kiingereza. Anayetoka Kongo au Burundi anaweza kuomba mwongozaji wa Kifaransa, na Waswahili wanaoishi Ujerumani wana Kijerumani, ingawa wenye Kiingereza ndio wengi kwa mbali. Tangu Januari 2018 sheria inaruhusu hata asiye na leseni kuongoza watalii kwa malipo, mradi asijiite mwenye leseni. Sisemi kwamba wasio na leseni ni wabaya. Wapo wakazi wa siku nyingi, Wajapani na wageni, wanaoujua mji vizuri kabisa. Nasema kwamba bei kubwa peke yake si ushahidi wa ujuzi, na kwamba swali kuhusu leseni halimvunjii mtu heshima.

Kama unasafiri na mzazi ambaye Kiingereza chake ni kidogo, mwongozaji binafsi ana faida moja isiyotajwa mara nyingi: anaweza kunyamaza. Anasema sentensi tatu, anakuachia nafasi umfasirie mama kwa Kiswahili, kisha anaendelea. Katika kikundi cha watu kumi na tano hilo haliwezekani, kwa kuwa maelezo hayakusubiri na wenzako hawakusubiri.

Mwendo, wazee na watoto

Higashiyama, eneo la mashariki lenye mahekalu mengi, ni la miinuko na ngazi za mawe. Njia ya kawaida hushuka kutoka Kiyomizu-dera kupitia Sannenzaka na Ninenzaka, ikapita karibu na mnara wa pagoda wa Yasaka wenye mita 46, ikafika bustani ya Maruyama, hekalu la Yasaka la Kishinto, dini ya asili ya Wajapani, na kumalizikia mtaa wa Gion. Kwa kijana ni matembezi mepesi ya asubuhi. Kwa mwenye magoti yanayouma ni adhabu, hasa akianzia chini kwenda juu kama wageni wengi wafanyavyo. Mwongozaji binafsi hupanga njia ianzie juu kwa teksi, huweka vituo vya kupumzika, na hujua vyoo vilipo. Joto la Julai na Agosti, linalofika nyuzi 35 na zaidi pamoja na unyevu mzito, huifanya kazi hiyo kuwa muhimu zaidi. Mvua za Juni nazo hulazimisha njia kubadilishwa siku ile ile, jambo ambalo kikundi hakiwezi kulifanya.

Watoto wadogo ni habari nyingine. Mtoto wa miaka sita hatasimama kusikiliza habari za ukoo wa Tokugawa, na fedha za mwongozaji zitaishia katika kumsihi atulie. Familia yenye watoto wadogo ningeishauri iende yenyewe kwenye mto Kamo, ambako karibu na kituo cha Demachiyanagi kuna mawe ya kuvukia mto, mengine yakiwa na umbo la kobe, na watoto wanaweza kurukaruka humo mchana kutwa bila senti moja.

Chakula na swala

Kwa Mwislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe wala kunywa pombe, kula Kyoto bila kuelewa kilichomo sahanini ni tatizo la kweli. Mvinyo wa mchele, pamoja na mirin ambayo ni mvinyo mtamu wa kupikia, hutiwa katika michuzi mingi. Mchuzi wa rameni mara nyingi hutokana na mifupa ya nguruwe. Hata chakula cha watawa wa Kibudha, shojin ryori, ambacho hakina nyama wala samaki na hupatikana katika mahekalu kama Tenryu-ji, kinahitaji swali juu ya mirin. Mwongozaji binafsi aliyeelezwa mapema atauliza jikoni kwa Kijapani na atakuletea jibu kamili. Hii ndiyo sababu moja inayoweza kumfanya hata msafiri wa peke yake aone yen 30,000 si nyingi, ikiwa ziara inapitia soko la Nishiki. Soko hilo ni njia moja iliyoezekwa, yenye urefu wa mita 390 hivi na maduka zaidi ya mia, yakiuza kachumbari za chumvi, samaki wakavu, tofu na vitamu, ambavyo vingi huwezi kuvijua kwa kuvitazama. Uongozi wa soko huomba watu wasile huku wanatembea, ila wasimame mbele ya duka waliponunua.

Upo msikiti Kyoto, katika barabara ya Kawaramachi upande wa mashariki wa kasri la mfalme. Ziara inayomalizikia kasri hilo inaweza kupangwa ili adhuhuri ikukute karibu. Mwongozaji wako mwenyewe atalipanga hilo ukimwambia. Kwenda peke yako nako kunakupa uhuru huo huo. Kikundi ndicho kisichofaa hapa.

Mahali ambapo mwongozaji haongezi kitu

Fushimi Inari ni mfano ulio wazi. Hekalu hilo la Kishinto, ambalo mwanzo wake hutajwa kuwa mwaka 711, liko wazi usiku na mchana, na kituo cha treni cha Inari kiko mbele ya lango lake. Malango mekundu yapatayo 10,000 yamepangwa kupanda mlima wenye mita 233, kila moja likiwa limetolewa na kampuni au mtu aliyeomba baraka au kushukuru, na jina lake na tarehe vimeandikwa nyuma ya nguzo. Mbweha wa mawe wenye funguo au masuke ya mpunga mdomoni ni wajumbe wa Inari, mwenye mamlaka juu ya mpunga na biashara. Ukishayajua hayo, umebeba zaidi ya nusu ya yale utakayoambiwa. Kilichobaki ni kupanda, saa mbili kwenda na kurudi, na kupanda kunapendeza zaidi alfajiri pasipo na watu, saa ambayo waongozaji wengi hawajaanza kazi.

Kiyomizu-dera nayo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ukumbi wake mkuu, uliojengwa upya mwaka 1633, una jukwaa la mbao lenye kimo cha mita 13 lililounganishwa bila misumari, na kuliona kabla ya saa moja, kukiwa na watu wachache, ni bora kuliko kuelezwa historia yake yote ifikapo saa nne asubuhi ukiwa umebanwa na umati. Kinkaku-ji, iliyochomwa moto na mtawa kijana mwaka 1950 na kujengwa tena 1955, ina njia moja tu ya kuzunguka bwawa; kila mtu huifuata. Ryoan-ji, yenye mawe 15 yaliyopangwa juu ya changarawe kiasi kwamba popote ukaapo kuna moja usiloliona, inataka ukimya, na maelezo ya mtu mwingine huuvunja. Kasri la mfalme halina kiingilio na lina ziara za bure za Kiingereza zinazoongozwa na wahudumu wa kasri; ngome ya Nijo, aliyoijenga Tokugawa Ieyasu mwaka 1603 na ambamo mwaka 1867 shoguni wa mwisho, yaani mtawala wa kijeshi, alitangaza kuyarudisha madaraka kwa mfalme, hukodisha vifaa vya maelezo kwa sauti. Pote huko nenda mwenyewe.

Gion ni kinyume. Mtaa huu wa nyumba za chai na wanawake wa sanaa, geiko na wanafunzi wao maiko, ni makazi na mahali pa kazi, na wageni wamewasumbua wanawake hao kwa kuwafuata na kuwashika kimono wapate picha. Tangu 2024 vichochoro vya binafsi vinavyochepuka kutoka barabara ya Hanamikoji vimefungwa kwa watalii, na mabango yanatangaza faini ya yen 10,000. Mwongozaji mzuri anajua vichochoro vipi ni vya umma, hukupitisha kando ya kijito cha Shirakawa, hukueleza mafunzo ya maiko na kwa nini nguo ya mwanafunzi hutofautiana na ya aliyehitimu, na hukuzuia usimame njiani pa mtu anayewahi kazini. Msafiri wa peke yake, hata mwenye nia njema, hukosea kwa kutojua. Hapa ndipo ningetumia fedha.

Nani achague nini

Watu watatu au zaidi wenye siku mbili au tatu mjini, hasa wakiwa na mzazi au mtu wa chakula maalumu, wamkodi mwongozaji binafsi kwa nusu siku ya kwanza, awapitishe Gion, mitaa ya machiya na Nishiki, kisha siku zinazobaki waende wenyewe wakiyatumia waliyofundishwa. Hata namna ya kunawa mikono kwenye birika la hekalu la Kishinto, kuinama mara mbili, kupiga makofi mara mbili na kuinama tena, ambayo hutazamwa kwa heshima hata na asiyeabudu, na kutopiga makofi katika hekalu la Kibudha, huonwa mara moja na kukumbukwa siku zote.

Msafiri wa peke yake mwenye bajeti ndogo na ratiba inayonyumbulika aombe mwongozaji wa kujitolea, na asipompata ajiunge na ziara ya kikundi ya jioni huko Gion. Mtafiti, mwalimu, au yeyote mwenye swali lake mahususi, kama vile ufumaji wa mtaa wa Nishijin au bustani za madhehebu ya Zen, asihangaike na kikundi wala na mzunguko wa kawaida. Amtafute mwongozaji mwenye leseni anayeishi na jambo hilo, hata akilipa zaidi. Mwenye siku moja tu kutoka Osaka ana uamuzi mgumu zaidi, nami ningemshauri aanze Kiyomizu-dera mwenyewe alfajiri, kisha akutane na mwongozaji saa tatu au saa nne kwa nusu siku, badala ya kukimbia huku na huko na mtu wa siku nzima.

Kabla ya kulipa, muulize mwongozaji maswali machache kwa maandishi. Je, bei ni ya kundi au ya mtu? Viingilio na nauli yake vimo? Njia inaweza kubadilishwa siku hiyo hiyo? Atapitia maduka yanayomlipa kamisheni? Mweleze chakula usichokula, saa za swala na hali ya magoti ya mzazi wako, kisha mwombe akuandikie njia anayoipendekeza. Jibu lake litakuonyesha mengi: anayerudisha orodha ya vivutio kumi kwa saa nne hajausikia ujumbe wako, na anayeuliza swali la ziada amekwisha kuanza kazi.

Raia wa Kenya na wa Tanzania wanahitaji viza kabla ya kusafiri kwenda Japani, na maombi ya viza ya utalii hudai ratiba ya siku kwa siku. Siku yenye mwongozaji huandikwa vizuri katika ratiba hiyo, lakini nafasi yake iwekwe kwa masharti yanayoruhusu kughairi na kurejeshewa fedha hadi siku chache kabla, na malipo kamili yasubiri mpaka pasipoti irudi ikiwa na viza ndani.